Watu wamehama, makocha bado wapo pale pale

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, si kwa kupenda, ni testi zimefuatana kama malori ya mahindi barabara ya Laela. Leo nimepata nafasi. Bumu halijaingia, mfukoni kuna hela ya chai tu, kwa hiyo siendi popote. Nimekaa hosteli na nina jambo la kusema.

Jumamosi iliyopita palikuwa na mchujo wa timu ya netiboli ya chuo. Tulifika wasichana kama arobaini hivi. Kocha akawa anamwuliza kila mmoja jina, nafasi anayocheza na mkoa anaotoka. Wa Dar akasema Dar, kocha akaandika. Wa Mwanza akasema Mwanza, kocha akaandika. Ikafika zamu yangu: senta, Rukwa, Sumbawanga. Kicheko uwanja mzima! Dada mmoja nyuma yangu akasema, "Kocha, huyo usimpange senta, mpeleke kamati ya ufundi." Kocha naye akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Sikukasirika sana, sisi wa Sumbawanga tumeshazoea. Ukimwambia mtu kwenye daladala kwamba kwenu ni Sumbawanga anaanza kukusalimia kwa adabu, anaogopa radi. Kwetu husemwa jina lenyewe maana yake ni tupa uchawi, yaani kama unao uuache huko huko nje kabla hujaingia, lakini nani anataka kusikia hiyo? Kilichoniuma ni swali la kocha baada ya kicheko kuisha. Aliniuliza kwa nia njema kabisa, "Hivi huko kwenu watu wanacheza kweli? Mimi najua kuna mahindi tu."

Mchujo nimepita, msijali. Ila lile swali nimelala nalo siku tano. Maana kocha si mtu mbaya. Ana picha ya Rukwa kichwani, na picha hiyo ni ya zamani. Na nadhani vyuo vyetu vingi vinatafuta wachezaji kwa kutumia picha hiyo hiyo.

Tuanze na hesabu, mnivumilie. Sensa ya 2012 ilikuta Rukwa watu 1,004,539. Sensa ya Agosti 2022 ikakuta 1,540,519. Hiyo ni zaidi ya nusu imeongezeka ndani ya miaka 10. Jirani zetu Katavi, ambao mpaka 2012 walikuwa sehemu ya mkoa wetu, walitoka 564,604 wakafika 1,152,958. Yaani wamezidi mara mbili! Nchi nzima kwa kipindi hicho hicho ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120, ongezeko la kama asilimia 37. Rukwa ni 53, Katavi ni 104. Kwa hiyo kona ile ambayo watu wanadhani ina mahindi na wachawi tu, ni moja ya sehemu zinazojaa watu kwa kasi kubwa nchini.

Wametoka wapi? Wengine wamezaliwa pale pale, kwetu tunazaa sana, sitaficha. Lakini wengi wamekuja, na hapo ndipo penye stori. Enzi za mkoloni Ufipa ilikuwa sehemu ya kuondoka. Babu zetu walichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga, wengine wakavuka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baadaye upepo ukageuka. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wakulima wafugaji, wengi wao Wasukuma kutoka Shinyanga, Mwanza na Tabora, walianza kushuka na ng'ombe wao wakitafuta malisho na ardhi, wakaingia upande wa Mpanda na bonde la Ziwa Rukwa. Upande wa Mpanda tayari kulikuwa na wakimbizi wa Burundi waliofika kuanzia 1972, makazi ya Katumba na Mishamo, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Halafu ikaja lami ya Tunduma mpaka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, na wafanyabiashara nao wakapata njia.

Wakati huo huo sisi wa mjini juu, tuliosoma kidogo, tunaondoka. Mbeya, Tunduma, Dodoma, Dar. Darasa letu la kidato cha nne tukihesabiana leo, walioko Sumbawanga hawajazi Noah moja. Kwa hiyo mkoa unajaa kwa chini, bondeni na vijijini, na unapungukiwa kwa juu, yaani wale ambao wangekuwa walimu wa michezo na waamuzi. Hilo mliweke akilini, nitalirudia.

Sasa niwasimulie habari ya rafiki yangu. Jina silitaji, hajaniruhusu.

Mwaka 2018 nilikuwa kidato cha pili. Kwenye mashindano ya kata tulikutana na shule moja ya bondeni. Kwa wasiojua, uwanda wa Ufipa upo juu, Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita unavaa sweta mbili. Bondeni ni chini kabisa huko, unateremka Lyamba lya Mfipa masikio yakiziba, ukifika ni joto, mpunga na ng'ombe. Wale wasichana walipanda na lori, wamevaa raba za kila aina, wengine peku. Tukacheka (ndiyo, na mimi nilicheka, leo nimelipwa). Mfungaji wao alikuwa msichana mrefu wa Kisukuma, mkimya. Alitufunga magoli mpaka nikaacha kuhesabu. Hakuwa anaruka, alikuwa ananyoosha mkono tu, mpira unaingia kama mtu anaweka kikombe kabatini. Mwalimu wetu alikaa chini.

Alichaguliwa timu ya wilaya, nami nikachaguliwa. Tukalala kambini pamoja wiki moja kwenye darasa, magodoro chini. Nikamfundisha kusuka mtindo wa mjini, naye akanifundisha nyimbo za Kisukuma ambazo mpaka leo siimbi vizuri. Aliniambia anataka kuwa nesi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kwenda timu ya mkoa ya UMISSETA.

Siku ya kuripoti hakuja. Mwalimu akapiga simu, haipatikani. Baadaye tukapata habari: baba yake amehamisha mifugo, familia yote imeelekea Katavi, upande wa Mpimbwe. Wamehama katikati ya mwaka. Uhamisho wa shule haukufuatiliwa na mtu. Jina likakatwa, akawekwa mwingine. Timu ya Katavi nao hawakumjua, kwao alikuwa mgeni aliyekuja na ng'ombe. Mwaka juzi nilikutana na binamu yake stendi ya Sumbawanga, akaniambia yupo Majimoto anauza mchele, ana watoto wawili.

Sisemi angekuwa nyota wa dunia. Ninasema hivi: kwenye mchujo wa Jumamosi palikuwa na wafungaji sita, na hakuna hata mmoja aliyemfikia yeye akiwa na miaka 16 na raba iliyochanika. Na chuo hiki hakitajua kamwe kwamba kilimkosa.

Sasa ngoja niwaulize. Chuo chetu, au chuo chochote cha Bongo, kinapataje wachezaji? Kwa kawaida hakiwatafuti, kinawakuta. Unaingia chuo kwa ufaulu wa kidato cha sita, principal mbili na pointi zinazotakiwa na TCU, basi. Mkopo unaangalia hali ya mzazi, hauangalii kama unajua kufunga. Mwezi wa kumi na moja wanafunzi wanafika, kocha anabandika tangazo ubaoni, anayekuja anakuja. Kisha mnaenda mashindano ya TUSA mkiwa na mliopatikana. Kwa hiyo timu ya chuo ni mabaki ya kidato cha sita. Na kidato cha sita ni mabaki ya kidato cha nne. Ukirudi nyuma hivyo hivyo unafika shule ya msingi ya bondeni yenye watoto wengi darasa moja, wengine wanatembea kilomita nyingi, na kila mwaka wanaongezeka.

Kuna wanaotafuta, lakini wanatafuta mapema na mbali na kwetu. Makongo ya Dar ilisifika miaka ile kwa kukusanya vipaji. Alliance ya Mwanza walijenga shule na timu mpaka wakacheza Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Ukiwa Dar au Mwanza mtu anakuona. Ukiwa bondeni Rukwa, wa kukuona ni mwalimu wa michezo ambaye pia anafundisha hesabu na jiografia na pia ni mtunza stoo.

Na kuna wale wengine, mamluki. Tusijifanye hatuwajui. Timu ikikosa mchezaji inachukua mtu mtaani, inampa kitambulisho, anacheza. Mimi naona mamluki ni dalili. Mtu aliyeshindwa kutafuta kipaji halali mapema atakiiba dakika za mwisho.

Wenzetu Marekani hili walilishtukia zamani. Vyuo vyao vinatuma watu shuleni kuangalia watoto, na wanafuata watu walikohamia. Zamani majimbo ya viwanda ya kaskazini kama Ohio na Pennsylvania ndiyo yalikuwa yanasifika kwa kutoa wachezaji wa ule mpira wao wa mikono. Viwanda vikafungwa, watu wakahamia kusini kwenye jua. Texas ilikuwa na watu kama milioni 20.9 mwaka 2000, ikafika milioni 29.1 mwaka 2020. Makocha wa vyuo vya kaskazini hawakukaa kulia, walipanda ndege wakaanza kugombania vijana wa Texas, Florida na Georgia. Mpaka huku kwetu walifika. Suleiman Nyambui wa Majita, Mara, na Gidamis Shahanga walisoma na kukimbia kule Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Nyambui alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow 1980. Hasheem Thabeet alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut, na 2009 akawa wa pili kuchaguliwa NBA. Yaani kocha wa Amerika ameweza kuona kijana wa Tanzania, lakini kocha wa Dar hajawahi kushuka Lyamba lya Mfipa!

Najua sisi si Marekani. Kule chuo kinaingiza mabilioni kwa mchezo mmoja, sisi jezi tunachangishana. Sisemi tuige fedha yao. Ninasema tuige ile akili ya kusoma sensa.

Maana sensa ukiisoma vizuri ni kama utabiri wa hali ya hewa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku anahesabiwa Agosti 2022, akisoma bila kurudia, ataingia mwaka wa kwanza chuoni kama 2031 au 2032. Wale watoto wote wa Rukwa na Katavi wameshazaliwa, wameshahesabiwa, wanachunga na kusoma sasa hivi. Kocha anayetaka timu ya 2031 anajua leo pa kwenda. Si lazima awe na mganga.

Sasa najua kuna watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Kwanza watasema chuo ni cha kusoma, mpira ni burudani. Nakubali chuo ni cha kusoma. Ndiyo maana sitaki mtu aingizwe kwa sababu ya mguu wake bila ufaulu, akaja kudisko semista ya pili. Lakini nimeona kwa macho yangu shule yetu: siku za mazoezi utoro unapungua, hasa wasichana. Mpira ulikuwa kamba ya kuwashikia shuleni. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta Katavi wasichana 45 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba, namba ya juu kuliko mikoa yote. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, na hilo ni jema sana. Lakini mtu anarudi mahali ambapo kuna kitu kinamwita. Rafiki yangu fizikia haikuwa inamwita. Ringi ndiyo ilikuwa inamwita.

Pili watasema hawa wahamiaji ni wa kupita, leo wapo kesho wamehama, utawekezaje? Hoja hii inaniudhi kidogo lakini nitaijibu kwa upole. Ni kweli familia nyingine zinahama tena. Basi ndiyo sababu ya kumfuata mtoto, badala ya kusubiri ngazi ya mkoa. Mfumo wetu unahesabu kwa mkoa: timu ya Rukwa, timu ya Katavi. Mtoto anayevuka mpaka anaanguka katikati. Na mpaka wenyewe ni wa juzi tu, 2012! Wengine wala hawakuhama, ni mkoa uliowahama wao.

Tatu wapo watakaosema Wasukuma hivi, Wafipa vile, kabila fulani lina mbio, lingine lina nguvu. Jamani hapana. Wakimbiaji wa Mbulu walitoka juu milimani kama kwetu. Ila kule palikuwa na mashindano, walimu na macho ya watu. Ufipa ina mwinuko na baridi, ina watoto wanaotembea sana. Bado hatujaleta hayo mengine.

Na watu wa kuangalia wapo, msidanganywe. Oktoba 2020 Tanzania Prisons walihamishia mechi Sumbawanga, wakaifunga Simba 1-0 pale Uwanja wa Nelson Mandela. Nilikuwa kidato cha nne, tupo kwenye kujiandaa na mtihani wa taifa. Kelele zilifika mpaka mtaani kwetu. Baba yangu, ambaye ni Simba damu, hakula usiku ule, lakini alisema, "Angalau wamekuja kutufunga nyumbani." Mji mzima uliongea mpira wiki mbili.

Sasa tufanye nini? Mimi si waziri, nitasema ya saizi yetu.

Makocha wa vyuo waende kwenye UMISSETA ngazi ya mkoa, wasisubiri taifa. Mwaka 2021 taifa ilikuwa Mtwara, 2022 na 2023 ilikuwa Tabora. Kutoka bondeni Rukwa mpaka Mtwara ni kuvuka nchi nzima, na wengi wanachujwa kabla ya safari hiyo. Lami sasa ipo, MUST nao wana kampasi Rukwa, kisingizio cha barabara kimekufa.

Walimu wa michezo waandike mtoto amehamia wapi, siyo kukata jina tu. Ni mstari mmoja kwenye daftari: kahamia Mpimbwe, simu ya mjomba hii hapa. Mstari huo mmoja ungetosha kwa rafiki yangu.

Ujenzi wa shule ukumbuke kiwanja. Fedha za Uviko zilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo ni ya shule shikizi, ambazo ndizo zinazohudumia vijiji vipya vya watu waliohamia. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote. Lakini ng'oeni na visiki nyuma ya darasa, simamisheni nguzo mbili. Nguzo ya netiboli ni mti na pete ya chuma, fundi wa baiskeli anaitengeneza.

La mwisho ni letu sisi wanafunzi tunaotoka huko. Likizo ndefu tunarudi nyumbani, tunakaa mjini tunapiga picha na kulalamika baridi. Likizo iliyopita nilishuka bondeni na mpira mmoja wa kununua kwa bumu langu (mama hajui, msimwambie). Nilikaa siku tatu kwa shangazi. Nimeandika majina ya wasichana saba wa kidato cha tatu na cha nne, shule zao, na simu ya mtu mzima mmoja kwa kila jina. Wanne wanasema wanataka chuo, ila hakuna aliyewahi kuwaeleza maombi yanafanywaje. Nitawaeleza mimi. Mmoja ana mkono ule ule wa kuweka kikombe kabatini. Niliondoka uwanjani kwa kisingizio cha jua.

Jumatatu nitampelekea kocha hiyo orodha. Sijui atanipokeaje, labda atacheka tena kalamu idondoke. Akicheka nitaiokota, nitamrudishia, halafu nitamwomba aandike.

Naomba kuwasilisha. Mwenye mpira wa zamani wa netiboli asiutupe, aulete hosteli, chumba changu mnakijua.